Sola ya Krismasi ilivyozimika Aprili

Juma hili sina budi kuanza na aibu ya nyumbani kwetu. Aibu yenyewe ni koroboi.

Nilikwenda kumjulia hali mama kule Nyamira, milima ya upande wa Kebirigo, siku chache baada ya Pasaka. Nilifika magharibi, mvua imekwisha kupiga, matope yamenifika vifundoni kwa kuwa mwenye bodaboda alikataa katakata kuuteremka mlima ule. Nilitarajia kuiona kutoka mbali taa ya nje, ile tuliyoipigia makofi ilipowashwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi. Boma lilikuwa giza totoro. Nilipobisha hodi nilisikia vitu vikisukumwa harakaharaka, kisha mlango ukafunguliwa, naye mama akanikumbatia huku ameshika simu yenye tochi.

"Karibu mwanangu. Stima ya jua imelala kidogo leo," akasema.

Lakini pua haidanganyiki. Nyumba nzima ilinuka mafuta taa. Asubuhi nilipokwenda kuchota maji ya kunawa, niliiona koroboi imesukumwa nyuma ya mtungi, ingali na masizi mabichi. Mjukuu wake, mtoto wa dada yangu anayesoma shule ya kutwa na kukaa naye, ndiye aliyetoboa siri. Tangu mwezi Machi taa za sola zilikuwa zikizima saa mbili na nusu usiku, siku nyingine kabla hata ya taarifa ya habari kuanza, naye amekuwa akifanya kazi zake za shule kwa koroboi. Nyanya yake alikuwa amemkataza kutuambia. "Wanangu walijinyima," alimwambia, "nikisema imeharibika watadhani siijui kuitunza."

Niliyasikia maneno hayo nikiwa nimesimama jikoni, na sikuwa na la kusema.

Kweli tulijinyima. Bonasi ya majani chai ilipotoka mwezi Oktoba mama alitoa sehemu yake, nasi watoto wanne tukachanga, tukafikisha shilingi elfu arobaini na kitu. Nguzo za stima zipo kijijini, mradi wa Last Mile uliozinduliwa mwaka 2015 ulizifikisha ng'ambo ya kijito, lakini kwa mama hazijavuka. Na hata waliounganishiwa wanajua kwamba nguzo ikianguka msimu wa mvua watakaa siku kadhaa wakiitazama. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani, wenye stima na wasio nayo walilala sawa. Kwa hivyo tukaona sola ndiyo dawa. Kaka yetu mkubwa akaingia mjini, akatoka na paneli ya wati 80, betri ya ampea-saa 50, taa tano, runinga ndogo na nyaya. Muuzaji alimwambia, "Hii mzee wenu atatazama runinga hadi achoke yeye." Hakuna aliyemwuliza mwuzaji huyo swali la hesabu, wala yeye hakutuuliza lolote.

Siku ya pili nilimwita fundi kutoka Keroka. Nilimchagua kwa sababu nilipompigia simu na kumwambia betri imekufa, hakusema "nitakuletea nyingine." Alisema, "Tuone kwanza." Alipofika nilidhani atapanda juu ya paa. La hasha. Aliomba kiti, akatoa daftari la watoto wa shule na kalamu, akamgeukia mama.

"Mama, naomba uniambie jioni yako inavyokwenda, tangu jua linapotua hadi mnapolala. Mnawasha nini, na kwa saa ngapi?"

Mama alicheka, maana hakuwahi kuulizwa jambo kama hilo na mtu aliyekuja na koleo. Lakini alieleza, na fundi akaandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hiyo nilitambua kwamba walikuwa wakisema habari za umeme pia.

Hebu nikueleze hesabu hiyo jinsi nilivyoielewa, kwa maana mimi si mtu wa namba na niliielewa. Kila kifaa kimeandikwa wati zake. Taa ya kisasa ya LED hutumia wati 5 hivi, runinga ndogo 30, dekoda 15. Wati hizo ukizizidisha kwa saa ambazo kifaa kinawaka, unapata wati-saa, na hizo ndizo unazolipia kwa jua lako kama unavyolipia unga kwa kilo.

Nyumba ya mama ilikuwa hivi. Taa ya sebuleni saa tano, ya jikoni saa nne, ya mtoto anaposomea saa nne, ya chumba cha kulala saa moja. Jumla saa 14, mara wati 5, ni wati-saa 70. Taa ya nje inawaka tangu saa moja jioni hadi saa kumi na mbili alfajiri, yaani saa 11, na hiyo peke yake ni 55. Taa zote basi ni 125. Redio ya wati 5 kwa saa sita, 30. Simu tatu za nyumbani, zile kubwa za kupangusa kwa kidole, kila moja hula kama wati-saa 20, jumla 60. Runinga na dekoda yake ni wati 45, na wakati wa Krismasi mama alikuwa akiitazama saa mbili tu, kwa hivyo 90.

Jumlisha: 305.

Fundi akazungushia namba hiyo duara. Halafu akauliza kuhusu paneli ilivyofanya kazi mwezi Desemba. Hapa ndipo pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Paneli ya wati 80 haitoi wati 80 mchana kutwa. Hutoa kiasi hicho jua likiwa kali kabisa juu ya kichwa, na asubuhi na jioni hutoa kidogo tu. Kwa hiyo mafundi hukusanya mwanga wote wa siku na kuuhesabu kama kwamba ni saa chache za jua kamili. Siku nzuri ya Desemba au Januari kwetu unaweza kuhesabu saa 5 na nusu. Juu ya hayo, umeme mwingine hupotea njiani, kwenye nyaya, kwenye kidhibiti chaji na ndani ya betri yenyewe, hivi kwamba kati ya kila kumi unazovuna utumie saba tu katika hesabu. Basi 80 mara 5.5 mara 0.7, unapata 308.

Mama alitumia 305, paneli ikaleta 308. Ilitosha, lakini kwa unywele. Ndiyo maana tulipiga makofi Krismasi na kurudi mijini tukijisifu.

"Na baada ya wageni kuondoka, ni nini kilichoongezeka?" fundi akauliza.

Mama alitazama chini. Runinga ilikuwa imefika saa nne kwa usiku, kwa sababu majirani wawili, akina mama wenzake wajane, huja kutazama naye na haiwezekani kuwafukuza tamthilia ikiwa katikati. Halafu kulikuwa na simu. Habari zilienea upesi kwamba kwa mama fulani kuna chaji, na kila jioni zilikuja kabambe saba, nane, zikaachwa usiku kucha.

"Unawatoza ngapi, mama?" nikamwuliza, nikikumbuka kuwa sokoni hutozwa.

"Nimtoze jirani kwa jua la Mungu?" akanijibu, na mazungumzo hayo yakaishia hapo.

Kabambe moja si kitu, kama wati-saa 5 tu. Nane ni 40. Runinga kuongezeka saa mbili ni 90. Kutoka 305 tukawa tumefika 435 bila mtu yeyote kununua kifaa kipya. Na wakati huohuo masika yakaingia. Kisii na Nyamira ni nchi ya mvua karibu mwaka mzima, na kuanzia Machi hadi Mei ndipo inapozidi. Fundi hesabu yake ya msimu huo ni saa 4 za jua, wala hakubali hata moja zaidi. 80 mara 4 mara 0.7 ni 224.

Matumizi 435, mapato 224. Nyumba yoyote inayoishi hivyo kwa fedha tunajua mwisho wake. Betri ilikuwa ikikopwa kila usiku na kulipwa nusu kila mchana, hadi ikachoka. Wanaonunua sola baada ya bonasi ya Oktoba huipokea na kuijaribu kwenye jua la Desemba, na jua la Desemba ni kama mchumba siku za kwanza. Sola ipimwe kwa Aprili.

Sasa betri. Fundi aliweka mita yake, ikasoma volti 11.6, asubuhi na mapema, hakuna kitu kinachowaka. Akatikisa kichwa. Betri ya risasi yenye afya, ikiwa imejaa na kutulia, husoma karibu 12.7. Ikifika 12.2 hivi imebaki nusu, na hapo ndipo uiache ipumzike. Chini ya 11.8 imekwisha. Ukiizoesha kukaa hivyo wiki baada ya wiki, chumvi ngumu hujijenga juu ya bamba za risasi zilizomo ndani, na haitoki tena. Betri yetu ilikuwa na miezi minne, ila ilikuwa mzee.

Tena ilikuwa ya gari. Hilo nalo hatukulijua. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini ikishika kazi yake imekwisha. Bamba zake ni nyembamba. Ukiitaka itoe kidogo kidogo usiku mzima na kukaushwa kila siku, unaitesa. Wengi wetu tuliozaliwa mashambani tunaikumbuka betri ya gari ikifungwa nyuma ya baiskeli kupelekwa mjini kuchajiwa, ili wanaume watazame mpira kwenye runinga ya rangi nyeusi na nyeupe. Ilikuwa ikifa mapema wakati huo pia, ila tulidhani ndivyo betri zilivyo.

Ampea-saa 50 mara volti 12 ni wati-saa 600. Kwa kuwa betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, tulikuwa na 300 za kutumia. Hata ingekuwa mpya na imejaa pomoni, haingemaliza usiku mmoja wa matumizi ya 435.

Kwa hivyo ni betri ya kiasi gani? Hapa panahitaji uamuzi wa mwenye nyumba, si wa fundi: unataka uvumilie siku ngapi za mawingu? Katika nchi kavu kama Turkana au Garissa siku moja na nusu yaweza kutosha. Kwetu, ambako kuna siku jua halionekani tangu asubuhi hadi jioni, fundi hakubali chini ya siku mbili. Mara mbili ya 435 ni 870. Betri ya risasi utumie nusu, kwa hiyo unahitaji 1,740. Gawa kwa 12, unapata ampea-saa 145, na sokoni utachukua ya 150. Ukitaka ile ya lithiamu, ambayo huvumilia kutumiwa hadi asilimia 80, ni 870 kugawa kwa 0.8, karibu 1,090, na betri ya ampea-saa 100 inakidhi na kubakisha. Ya lithiamu ni ghali unapoinunua, lakini haihitaji kuongezwa maji na hudumu miaka mingi zaidi ikitunzwa. Sisi tulichukua ya risasi ile maalumu ya sola kwa sababu fedha hazikutosha, sitakudanganya.

Paneli nayo: 435 kugawa kwa 0.7 ni 620 na kidogo, kugawa kwa saa 4 ni wati 155. Mimi nilitaka tununue ya 160 tumalize maneno. Fundi akakataa. Alisema betri kubwa yenye paneli ndogo ni kama tangi la maji lililounganishwa na mrija wa kalamu, halitajaa kamwe, na betri ya risasi isiyojaa kamwe hufa vilevile kama isiyolishwa. Kwa betri ya 150 alitaka paneli za wati 200. Siku ya mawingu ya kawaida hizo zitaleta 560, zitoe matumizi ya mama na zibakishe 125 za kulipa deni la jana.

Nikampigia kaka simu kumweleza, na hapa ndipo kisirani kilipoanza.

Kaka alisikia kama kwamba namlaumu. Akaniambia nisimfundishe sola, yeye ndiye aliyebeba paneli ile mgongoni kutoka barabarani. Halafu akaja na wazo lake: kama tunatoa fedha upya, basi tuongeze kidogo, yeye atamletea mama friji yake ya zamani kutoka Nakuru auze soda na maziwa baridi apate kitu cha mfukoni. Wazo la mtoto mwema. Nilimpa fundi simu.

"Kaka, friji hiyo inatumia stima ya kawaida?" fundi akamwuliza kwa upole. Ndiyo. "Basi tuseme wati-saa 1,000 kwa siku, na pengine zaidi kwa kuwa ni ya zamani." Akamfanyia hesabu papo hapo. 435 na 1,000 ni 1,435. Paneli zisizopungua wati 510, na betri za risasi zenye jumla ya ampea-saa karibu 480, yaani zaidi ya mara tatu ya mpango wetu, mbali na inveta ya kuigeuza stima. Ziko friji ndogo zilizotengenezwa kwa sola, nazo hutumia nusu ya hapo au chini, lakini si ile ya Nakuru. Kaka alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Basi mwekeeni taa kwanza," akakata simu. Tuliongea vizuri baada ya wiki moja.

Ningeomba msomaji akumbuke pia pasi. Pasi ya wati 1,000 kwa dakika 20 humeza wati-saa 333, na taa zote za mama pamoja na saa nne za runinga ni 305. Birika la umeme, kichomeo cha maji, balbu za kupasha vifaranga joto, vyote hivyo ni jamaa wa pasi. Kazi ya kuleta joto iachie makaa, kuni au gesi. Sola ndogo ni ya mwanga, sauti na picha.

Mwishowe fundi alipanda juu ya paa, na huko akakuta kosa ambalo nadhani liko kwenye nyumba nyingi za Gusii. Paneli ilikuwa imefungwa upande wa magharibi, kwa sababu upande huo ndio unaoonekana kutoka barabarani, na kila mtu aone mama ana sola. Asubuhi yote kilele cha paa na mparachichi viliitia kivuli. Na kwetu asubuhi ndiyo yenye jua. Ikifika saa nane mchana mawingu ya kutoka upande wa ziwa yameshakusanyika, saa tisa au kumi ngurumo na mvua. Paneli inayotazama magharibi kwetu inangojea jua ambalo halitafika. Tena kivuli hakipunguzi sehemu kilichofunika tu. Vipande vya paneli vimeungwa kwa mfuatano kama watu waliofungwa kamba moja, akilemaa mmoja wote hupunguza mwendo.

Fundi alishauri tukate matawi. Mama alisema parachichi hulipa karo na hakuna atakayeligusa. Paneli ndiyo ikahamia mashariki, ikainamishwa kidogo ili mvua iioshe. Sisi tuko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo wale wanaokuambia lazima itazame kaskazini wanasoma vitabu vya nchi za mbali. Mvua ya mawe nayo, ambayo Kisii huijua vizuri, isikutie hofu sana ukinunua paneli halisi. Kipimo cha kimataifa hutaka kioo chake kivumilie barafu ya milimita 25 ikirushwa kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Radi ni jambo jingine. Fremu na paneli ziungwe ardhini kwa waya mnene na fimbo ya shaba iliyozamishwa, na mawingu yakianza kunguruma chomoa runinga.

Nyaya zetu zilikuwa za milimita moja na nusu, zenye urefu wa mita 15 kutoka kwenye paneli hadi kwenye betri. Kwa mfumo wa volti 12 waya mwembamba ni mwizi asiyeonekana. Mle ndani volti moja na nusu zilipotelea humo jua lilipokuwa kali. Tuliweka za milimita 6 na kuleta betri karibu, mita 10. Kidhibiti chaji, kile kisanduku kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi wala kukaushwa, nacho kilikuwa kidogo kwa paneli mpya. Wati 200 kugawa kwa 12 ni karibu ampea 17, ongeza robo yake ya tahadhari, zinakuwa 21, kwa hiyo kile cha ampea 20 ni cha kubahatisha. Tulichukua cha 30. Na betri ikatoka chumbani kwa mama, alikokuwa amelala nayo kama mtoto, kwa sababu betri ya maji hutoa hewa inayoweza kulipuka inapochajiwa.

Kuhusu kununua, nilijifunza ujanja wa aina mbili ambao naugawa bure. Paneli nzuri za siku hizi hutoa kama wati 200 kwa kila mita moja mraba. Beba utepe wa fundi cherehani, pima urefu na upana, zidisha, kisha zidisha kwa 200. Paneli ya nusu mita mraba iliyobandikwa karatasi ya "wati 200" imedanganya nusu. Na betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja kama kikapu cha ndizi, irudishe chini taratibu na uondoke dukani.

Pia uliza leseni. Kanuni za mwaka 2012 ziliweka leseni za mafundi wa sola kwa madaraja, na usimamizi huo sasa uko kwa EPRA, iliyochukua nafasi ya tume ya zamani kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Fundi wetu alinionyesha kadi yake kabla sijamaliza kuuliza. Kazi hii si ngeni nchini mwetu. Mwaka 1984 mhandisi Harold Burris na mwalimu Mark Hankins, Wamarekani, waliweka taa za jua katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi huko Meru na kuwafunza vijana wa hapo kuzifunga. Miaka zaidi ya arobaini imepita. Hakuna sababu kwa muuzaji wa leo kukuuzia paneli bila kukuuliza unawasha taa ngapi.

Wapo pia wanaouza sola kwa malipo ya kila siku kwa simu, biashara ambayo M-Kopa iliianzisha nchini mwaka 2012. Mifumo hiyo midogo huja ikiwa imepimwa tayari, paneli, betri na taa zikilingana, na kwa mtu wa taa tatu na redio ni nafuu ya kichwa. Ubaya wake ni kwamba ukiongeza runinga ya jirani na kabambe nane, nayo itazima saa mbili na nusu.

Kwa mama kazi iliisha Jumamosi jioni. Hatukuwaambia majirani wakome kuleta simu, asingekubali. Fundi alimpa sharti jepesi: zije saa nne asubuhi, zichajiwe jua likiwa juu, zichukuliwe saa nane kabla ya mvua. Umeme unaotumiwa mchana haupiti kwenye betri, kwa hiyo hauichoshi. Sasa akina mama huleta simu wakitoka kuchuma majani chai, na wanakaa kidogo.

Mwezi Mei, katikati ya mvua, nilimpigia simu saa tatu usiku. Nilisikia runinga na vicheko, naye mtoto akanijulisha kuwa yuko mezani anaandika insha. Nilimwuliza mama kama ameitupa koroboi. Akasema ameiosha, ameikausha, ameirudisha nyuma ya mtungi.

"Ya nini tena, mama?"

"Nyinyi mmehesabu siku mbili za mawingu," akasema. "Mimi nimeishi hapa miaka 71. Nimewahi kuona tano."

Nimempigia fundi kumwuliza bei ya betri ya pili.